Nilikisoma cheti cha mkandarasi, sikukiuliza

NI jioni ya Jumatano, mwezi Septemba 2018, nyumbani kwangu Nyanza-Lac. Nasahihisha madaftari ya wanafunzi, mke wangu ndiyo kwanza ametoka sokoni, mikono yake bado ina rangi ya mawese. Simu inaita. Ni mdogo wangu, anapiga kutoka Kasulu, ng'ambo ya mpaka. Sauti yake imejaa furaha. Anasema mbao zimekwisha kufungwa, mirunda imesimama, nondo zimetandazwa, na Jumamosi asubuhi zege la sakafu ya juu litamwagwa. Zimebaki shilingi milioni nane tu za simenti, kokoto na vibarua.

Nikamjibu kwamba fedha zitafika kesho yake mchana.

Mke wangu alikuwa akisikiliza. Nilipoiweka simu mezani akaniuliza, "Baba Neema, huyo mkandarasi wenu, mlimchovya kijiti?"

Kwa msomaji asiyefanya biashara ya mawese, nieleze. Dumu la mawese halinunuliwi kwa kutazama juu. Juu daima ni mafuta mazuri, mekundu, yanayong'aa. Anayejua kazi huzamisha kijiti hadi chini kabisa, akakitoa na kutazama ncha yake, kwa sababu maji huwa chini. Mke wangu amevusha madumu kati ya Nyanza-Lac na Manyovu kwa miaka mingi na hajawahi kununua dumu bila kijiti, hata kwa shoga yake.

Nikamjibu kwa kujiamini, na jibu lile bado linaniuma: "Cheti chake nilikisoma mwenyewe. Kiko sawa."

Hapo yanipasa kurudi nyuma kidogo, ili wasomaji ambao ni warejeaji kama mimi waelewe kwa nini neno langu lilikuwa na uzito mkubwa kiasi kile katika familia yetu.

Nilizaliwa mwaka 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, nchini Tanzania. Wazazi wangu waliikimbia Burundi mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma pale pale Mishamo kwa Kiswahili, sekondari nikaenda Mpanda, ualimu nikajifunza Tabora. Mwaka 2008 nilikuwa miongoni mwa waliochagua kurudi. Nilikuja na mke wangu na mama yangu mzazi. Mdogo wangu alichagua kubaki, na mwaka 2014 alipata uraia wa Tanzania pamoja na maelfu ya wenzake wa makazi yale. Baadaye akahamia Kasulu kufanya biashara.

Yeye aliishia darasa la saba. Karatasi yoyote ya Kiingereza iliyoingia katika familia ililetwa kwangu. Nikisema iko sawa, iko sawa.

Wazo la kujenga lilikuwa lake. Alikuwa na kiwanja kizuri karibu na barabara, akataka jengo la ghorofa moja: chini maduka mawili na stoo, juu vyumba vya kupangisha. Kiwanja ni chake na jengo ni lake, maana sheria ya ardhi ya Tanzania haimpi kiwanja mgeni isipokuwa kwa uwekezaji, na mimi ni Mrundi. Lakini tulikubaliana kwamba mimi na mke wangu tuchangie, halafu mawese yetu yapate stoo bila kulipa kodi. Makubaliano hayo tuliyaandika, mashahidi wakiwa watu wawili wa ukoo. Namna hii watu wengi wa mpakani wamejenga, ingawa si wote huandika.

Mkandarasi alipatikana sokoni. Nasema sokoni nikiwa na maana hiyo hasa: mtu alimsifia kwa mtu, na yule akamsifia kwa mdogo wangu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye pikipiki na fulana yenye jina la kampuni mgongoni. Alionyesha picha za majengo katika simu yake. Bei yake ilikuwa chini ya wengine, ila si chini sana hata mtu ashtuke. Na alikuwa na cheti.

Mdogo wangu alikipiga picha akanitumia. Nilikisoma kwenye kioo cha simu, nikiwa katika chumba cha walimu, kengele ya mapumziko ikikaribia kugonga. Niliona nembo. Niliona jina la Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania, ambayo watu huiita CRB. Niliona jina la kampuni, namba ya usajili, sahihi na muhuri. Niliona neno la Kiingereza lenye maana ya mkandarasi. Nikaandika: "Kiko sawa, endelea."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilitosheka upesi hivyo. Nadhani sisi tuliokulia ukimbizini tunaiheshimu karatasi kupita kiasi. Kadi ya mgawo ilikuwa karatasi. Kibali cha kutoka nje ya makazi kilikuwa karatasi. Tuliporudi, mbele ya tume ya ardhi, ile CNTB iliyoundwa mwaka 2006, mwenye karatasi alizungumza akiwa amesimama wima, na sisi wenye maneno ya wazee na kumbukumbu ya mti wa mpakani tulizungumza tukiwa tumeinama. Mtu aliyepita humo akiona muhuri, moyo wake hutulia kabla macho hayajamaliza kusoma.

Jumatano ile usiku sikulala vizuri. Kijiti cha mke wangu kilikuwa kinanichoma. Saa nne usiku nikampigia mtu niliyesoma naye Mpanda, ambaye sasa ni fundi sanifu wa majengo katika halmashauri moja mkoani Tabora. Nikamweleza, nikategemea anipongeze kwa ujenzi.

"Nisomee namba," akasema.

Nikaisoma.

"Daraja la ngapi?"

Sikujua. Nikaanza kuitafuta kwenye picha.

"Mkandarasi wa aina gani?"

"Imeandikwa mkandarasi," nikamjibu.

"Mwalimu, mkandarasi wa nini? Soma mstari wa chini ya jina la kampuni."

Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Mstari ule ulikuwapo siku zote. Ulisema kampuni imesajiliwa kama mkandarasi maalumu wa uchimbaji wa visima.

Mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo kwa siku zile tatu ndiyo yaliyokuwa ya maana kuliko yote niliyosikia: "Huyo anajua kwenda chini. Ninyi mnataka kwenda juu. Fedha usitume."

Kesho yake asubuhi aliwasiliana na Bodi. Saa sita mchana akanipa majibu. Namba ni ya kweli. Kampuni ni ya kweli, ofisi yake iko mkoa mwingine kabisa. Ada ya mwaka ule ilikuwa haijalipwa. Na katika majina ya wakurugenzi, jina la yule bwana wa pikipiki halikuwamo.

Msomaji atagundua kwamba hapo hapakuwa na cheti cha kughushi. Kilikuwa cheti halali cha kampuni halali, ila si cha kazi yetu, si cha mwaka wetu, wala si cha mtu wetu. Kama ningetafuta kasoro kwenye muhuri hadi leo nisingeiona.

Ijumaa niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikavuka Mugina hadi Manyovu, nikapanda gari la Kasulu. Njia nzima nilikuwa najipanga namna ya kusema. Nilimkuta mdogo wangu amesimama chini ya mirunda, anawaonyesha watoto wake wawili wa kiume mahali kitanda chao kitakapokaa. Alikuwa amepanga walale ndani ya duka ili walinde mali.

Nilipomweleza, kwanza alicheka. Kisha akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Kaka, mimi Kiingereza sijui," alisema. "Nilikuletea. Wewe ndiye uliyesema kiko sawa. Sasa jengo limesimama, watu wote wa mtaa wameliona, unakuja kusema lisimamishwe?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba jambo moja tu: kabla ya Jumamosi, tumwite mhandisi wa halmashauri aje kutazama. Kibali cha ujenzi tulikuwa nacho, na michoro ilikuwa imepitishwa. Ukaguzi ndio ambao sisi wenyewe hatukuuitia mtu, kwa kuwa yule bwana alituambia atashughulikia yote.

Alipofika na kuona tunazungumza, yule bwana hakutoroka kama wengi wanavyodhani. Alikaa akatufafanulia kwa upole. Alisema yeye ni wakala wa kampuni. Tukaomba barua ya uwakala. Akasema iko ofisini. Tukaomba aongee na mkurugenzi wake mbele yetu. Akapiga simu, haikupokewa. Akasema Jumamosi atakuja nayo. Jumamosi hakuja, na simu yake ikawa haipatikani.

Mhandisi alikuja Jumatatu. Alikuwa kijana mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani, na hakuwa na maneno mengi. Alipanda ngazi akaenda moja kwa moja kwenye ncha za nondo zilizochomoza juu ya nguzo, akazipima. Mchoro ulitaka nondo za milimita 16. Zilikuwa za milimita 12. Mchoro ulitaka ringi kila sentimita 20. Mahali ambapo nguzo moja ilikuwa haijafunikwa vizuri, alipima akakuta karibu 40. Kisha akachukua nyundo ya fundi, akagonga nguzo ya kona. Mimi si mtaalamu, lakini najua zege linavyolia likigongwa. Lile halikulia. Lilimwagika kama sukari.

"Mkimwaga zege la sakafu juu ya nguzo hizi," alisema, "linaweza kukaa wiki, linaweza kukaa mwaka. Siwezi kuwaambia siku."

Mdogo wangu alitazama pale alipokuwa amewaonyesha wanawe kitanda. Hakusema kitu siku nzima.

Tulikuwa tumekwisha kutoa shilingi milioni 27. Ndani yake kulikuwa na akiba yangu ya mishahara ya miaka sita na mtaji wa mke wangu wa misimu miwili. Nguzo zote zilibomolewa kwa amri ya halmashauri. Tuliokoa mbao, mirunda, matofali ya kuchoma yasiyopasuka na nondo kiasi. Taarifa tulitoa polisi, tukapewa namba ya jalada. Mwenye kampuni ya visima tulimpata kwa simu. Alituambia miaka kadhaa nyuma aliwahi kumpa mtu nakala ya cheti chake katika maombi ya zabuni ya kisima cha kijiji. Nakala ile ilitembea hadi ikatufikia sisi, kopi nzuri ya rangi.

Sisemi kila jengo linaloanguka limejengwa na mtu wa namna hii. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine lilianguka Kariakoo, eneo ambalo wafanyabiashara wetu wa mpakani hulijua kama viganja vyao, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kila janga lina uchunguzi wake na sababu zake. Nayataja kwa sababu tangu siku ya nyundo ile, nikisikia habari kama hizo huwa naona kitanda cha watoto wale.

Sasa nieleze nilichojifunza kuhusu karatasi zenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanaoniuliza hukwama.

Mtu anayetafuta kazi ya ujenzi Tanzania atakuja na bahasha nene. Ndani kutakuwa na cheti cha BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Hicho kinasema kampuni imezaliwa, basi. Kutakuwa na namba ya mlipakodi. Hiyo inasema mamlaka ya mapato inamfahamu. Kutakuwa na leseni ya biashara. Hiyo inasema ameruhusiwa kufanya biashara mahali fulani. Ni karatasi nzuri na ni vibaya kutokuwa nazo, lakini hata moja haisemi kwamba mwenye nazo anajua kufunga nondo. Ni kama hapa kwetu mtu akuonyeshe NIF ya OBR, ukadhani sasa umeona ufundi wake.

Karatasi inayozungumzia ukandarasi ni ile ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997. Sheria hiyo inakataza mtu kufanya kazi za ukandarasi bila kusajiliwa. Lakini hata karatasi hiyo ina mambo ndani yake, na mimi nilisoma jambo moja nikaacha mengine.

Kwanza kuna aina. Wako makandarasi wa majengo, wa kazi za barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo, na wale wanaoitwa maalumu, ambao kila mmoja ana kazi yake. Wa visima si wa majengo. Wa umeme haruhusiwi kukujengea kwa sababu tu anaingia kwenye majengo.

Kisha kuna daraja. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, la kwanza likiwa la juu kabisa. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja anayoruhusiwa kuchukua, isipokuwa la kwanza, ambalo halina kikomo. Viwango hivyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo sivitaji hapa. Uliza Bodi yenyewe kiwango cha siku hiyo. Usimdharau wa daraja la saba kwa duka lako dogo, maana duka lako linamtosha. Wa kuogopwa ni wa daraja la saba anayekuahidi jengo la daraja la tatu.

Kisha mwaka. Usajili unaishi kwa ada ya kila mwaka, na Bodi huwafuta wasiolipa. Cheti kilichotolewa mwaka 2012 kinaweza kuning'inia ukutani kikiwa na kioo na fremu, huku jina lenyewe halipo tena kwenye orodha.

La mwisho ndilo gumu, nalo ni mtu. Kuazimana vyeti ni ugonjwa mkubwa katika biashara hii. Mwenye cheti hukaa nyumbani, asiye na cheti huenda kazini, na mwenye jengo huwa hajui anazungumza na nani. Hapa aibu zetu za Kiafrika hutuponza. Tunaona ni utovu wa adabu kumwomba mtu mzima kitambulisho. Mimi sasa naomba. Namwambia, "Mzee wangu, nisamehe, niliwahi kuungua." Kitambulisho chake, halafu jina lake kwenye orodha ya wakurugenzi, au barua ya kampuni inayomtaja, halafu namwita mkurugenzi mwenyewe aje kutia sahihi mkataba. Mkandarasi wa kweli hakasiriki. Tena wengine hufurahi, kwa kuwa wale wa kuazima ndio wanaowanyang'anya kazi.

Kuhusu namna ya kuuliza, angalizo ni moja tu, nalo ni kubwa. Usiipigie simu namba iliyoandikwa kwenye karatasi uliyopewa. Anayeweza kukuletea cheti kisicho chake anaweza kukuandikia pia namba ya shemeji yake. Tafuta mawasiliano ya Bodi kwa njia yako mwenyewe: ina ofisi za kanda, na orodha ya makandarasi waliosajiliwa iko kwenye tovuti yake, mtoto yeyote wa sekondari mwenye simu anaweza kukutafutia. Usiposikia vizuri, nenda kwa mhandisi wa halmashauri ya pale unapojenga. Sisi alituhudumia bila kutuomba hata soda.

Pia pita kwenye kazi anazosema amefanya, si kwenye picha zake. Eneo la ujenzi linalofuata sheria huwa na bango mbele: mwenye jengo, mkandarasi, mhandisi, msanifu. Yule bwana wetu hakuweka bango. Alisema bango huwavutia maofisa wasumbufu, na sisi, kwa ujinga wetu, tukaona ametuhurumia.

Kwa wasomaji wenye ndugu au biashara Kenya, huko chombo cha kuuliza ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Madaraja yao ni manane, NCA1 ndiyo ya juu. Uganda nako kuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, yenye kamati za majengo wilayani na mijini, na huko ndiko mtu huanzia kuuliza habari za kibali. Hapa Burundi, anayejenga mjini huanza na OBUHA kwa ajili ya kibali cha kujenga. Vitabu ni tofauti, lakini kijiti ni kile kile.

Wapo watakaosema, "Mwalimu, sisi tunajenga vyumba vitatu vya matofali kijijini, mkandarasi wa nini?" Ni kweli. Nyumba nyingi tulizokulia zilijengwa na mafundi wasio na cheti chochote, na zimesimama. Nyumba yangu mwenyewe ya hapa Nyanza-Lac imejengwa na fundi wa jirani, mtu mwaminifu asiyejua kuandika, na sina wasiwasi nayo. Lakini fundi yule hakuniambia yeye ni kampuni. Nilimjua baba yake, niliona nyumba nne alizojenga, na paa langu ni la mabati. Mtu akianza kukuwekea zege juu ya kichwa cha mwanao, hapo uhodari wa jirani hautoshi tena.

Turudi Kasulu. Kwa miezi karibu minane mimi na mdogo wangu tulizungumza kwa shida. Simu zilikuwa za salamu na habari za mama tu. Fedha zilimuuma, lakini nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba aliniamini mimi kuliko macho yake. Mke wangu ndiye aliyetupatanisha. Alivuka na madumu yake, akalala kwao siku mbili, na sijui walizungumza nini.

Mwezi Juni 2019 mdogo wangu alinipigia. Alisema amepata mkandarasi wa majengo, daraja la saba, na jengo tumelipunguza: hakuna ghorofa, ni maduka mawili na stoo yenye mabati juu. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunisomea. Namba ya usajili. Aina. Daraja. Mwaka wa ada. Majina ya wakurugenzi wawili, na mmoja ndiye aliyekuwa amekaa mbele yake wakati ule, kitambulisho kikiwa mezani. Alikuwa amekwenda mwenyewe na binti wa jirani, wakaitafuta orodha, kisha akapiga simu ofisi ya kanda kuhakikisha.

"Na bango?" nikamuuliza.

"Bango litakuja na msingi. Nimeliandika kwenye mkataba."

Jengo lilikamilika mwaka 2020. Tunaendelea kulipa deni tulilochukua. Milioni 27 zile hazijarudi hata shilingi, na jalada la polisi, kwa kadiri nijuavyo, bado liko wazi. Ringi moja kati ya zile zilizotolewa kwenye nguzo za kwanza mdogo wangu ameining'iniza kwenye msumari ndani ya stoo. Wateja hudhani ni ya kufungia mizigo.

Tangu habari hii ijulikane, watu wa soko la Nyanza-Lac huniletea vyeti vya wakandarasi kama zamani walivyokuwa wakiniletea barua za kusomewa. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mrejeaji, mfanyabiashara wa dagaa. Mwanawe, raia wa Tanzania, anataka kujenga Kigoma mjini, na mkandarasi amekwisha kuomba malipo ya kwanza. Akanipa simu yake, picha imefunguka tayari, akasema, "Mwalimu, niangalizie tu kama muhuri uko sawa."

Nikamwambia muhuri tutautazama mwisho. Akavuta kiti, nami nikachukua kalamu, tukaanza na mstari wa chini ya jina la kampuni.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari Nyanza-Lac, katika eneo lililokuwa mkoa wa Makamba na sasa ni mkoa wa Burunga.